Unapotaka Kuhama Chuo



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wapo wenzetu wanaotamani kuhama chuo wakiwa ndiyo kwanza wameanza. Wengine huona haya kulisema, kana kwamba kuhama ni kushindwa. Sivyo. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, alikulia Makka, akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, baadaye Iraki, na mwisho Misri alikofariki mwaka 204 Hijria. Lakini tazameni alivyohama. Kabla ya kufika kwa Malik alikuwa amekwisha kuhifadhi Muwatta, kitabu cha mwalimu huyo. Alijua anachokwenda kutafuta. Na hata alipokuja kuhitilafiana naye katika fiqhi, heshima ya mwalimu aliilinda.

Mimi nilihama baada ya muhula mmoja, kutoka biashara kuja masomo ya Kiislamu. Ada ilitoka katika kahawa ya mzee wangu, kwa hiyo nilimweleza kabla sijajaza fomu yoyote. Akaniuliza: "Mwanangu, kuna unachokikimbia huko, au kuna unachokifuata unakokwenda?"

Vyote viwili vilikuwepo. Hesabu zilinichosha, na elimu ya dini niliipenda tangu madrasa. Ikabidi nijiulize: lau hesabu zingekuwa nyepesi, bado ningetaka kuhama? Nilipopata jibu kwamba ndiyo, nikaswali istikhara.

Mtume (s.a.w.) alipotufundisha kwamba amali huzingatiwa kwa nia, mfano aliotoa ni wa hijra. Safari ni moja, lakini kila msafiri ana lake alilolihamia. Na Jabir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume aliwafundisha maswahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Hatukuamrishwa kungojea ndoto. Mja huomba, hushauriana na wazazi na walimu, kisha huchukua hatua akimtegemea Allah.

Dua hiyo haikuondolei kazi. Nenda kwa msajili wa chuo kipya, uulize ni kozi zipi ulizofaulu zitakazohesabiwa, na upate jibu kwa maandishi. Kama unasomeshwa na mfadhili, mweleze mapema. Fedha yake ni amana. Rudisha vitabu vya maktaba, lipa deni la dukani, waage walimu wako.

Na wewe uliyegundua kwamba unakimbia tu, usikate tamaa. Uvivu wa kuamka alfajiri utahama pamoja nawe, basi anza kupambana nao hapo ulipo.

Ewe Allah, tuchagulie lenye kheri popote lilipo, kisha uturidhishe nalo. Amin.

Wabillahi tawfiq.