Je, Ni Dhambi Kutamani Chakula cha Kwetu?

  

Somo letu la mara hii ni juu ya sufuria. Wengine watacheka na kusema mchungaji ameishiwa na maneno ya kuhubiri. Lakini kuna swali ambalo limesumbua familia nyingi za kanisa hili, na sisi wenyewe tuliwahi kulijibu vibaya. Swali ni hili: mkimbizi anayetamani chakula cha nyumbani kwao, je, anamnung'unikia Mungu?

Tulivyojibu zamani

Miaka ya nyuma, kabla ya korona, mama mmoja mzee alisimama katika ibada wakati wa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa ulinzi. Kisha akasema kwamba ana njaa ya ndagala za Uvira na bugali wa muhogo, akaanza kulia. Sisi tulikuwa na kitabu cha Hesabu 11 mkononi, na tulikuwa tumesoma chuo cha Biblia. Tulimwambia mbele ya kanisa kwamba machozi hayo ni ya masufuria ya Misri, na kwamba Waisraeli waliadhibiwa kwa ajili ya maneno kama hayo. Watu wakasema amina. Yule mama akakaa. Hakusimama tena kutoa ushuhuda.

Wapendwa, tulidhani tumelitetea Neno. Ilitubidi tufungiwe ndani ya nyumba ili tujifunze kulisoma.

Mwaka wa kukaa nyumbani

Mwaka 2020 watu wa Kigali hawatausahau. Tarehe 14 Machi ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana hapa Rwanda. Makanisa yakafungwa. Wiki moja baadaye ikaja amri ya Guma mu rugo, yaani kaa nyumbani, mpaka mwanzo wa mwezi wa Mei. Tukafunguliwa kidogo kidogo, lakini Januari 2021 mji wa Kigali ukafungwa tena kwa muda wa karibu wiki tatu, na Julai tukarudi ndani mara nyingine.

Sisi wa mjini wengi wetu hatuishi kwa mgao. Tunakula kwa kazi ya siku: kufua nguo, kushona, kubeba mizigo, kuuza vitenge. Siku mlango ulipofungwa, na mfuko ulifungwa. Serikali iligawa chakula kwa nyumba zilizokuwa na shida mjini, mchele, unga na maharage, na tunawashukuru wote waliobeba mifuko ile mlango kwa mlango.

Tena mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa kwa wale wanaovuka kwa miguu. Malori ya mizigo yalipita, lakini wamama wachuuzi waliokuwa wanavuka na vikapu vyao walibaki upande wao. Mawese na sambaza vikawa haba. Ndipo tulipoona kwamba hata sisi, wachungaji wenye kitabu cha Hesabu, tulikuwa tunaota sombe usiku.

Sufuria ya kwanza

Nyuma ya nyumba yetu ilikuwa imeota mihogo michache. Tulikuwa pia na chupa moja ya mawese iliyobaki. Makala ndiyo tuliyokosa, maana sombe inakula makala kuliko chakula kingine chochote.

Siku moja tulipata makala kidogo. Tuseme ukweli mbele za Mungu: tulipika usiku, dirisha limefungwa, ili harufu isiwafikie majirani. Tulikuwa vyumba vitatu katika ua mmoja, na tulihesabu kwamba sufuria haitatosha. Makala yaliisha kabla sombe haijaiva. Tulikula hivyo hivyo. Usiku ule watoto waliumwa tumbo.

Asubuhi mama wa chumba cha pili, Mnyarwanda aliyekuwa akifua nguo za watu na sasa hana kazi, alimwita mama mchungaji akiwa mbali kidogo, kitambaa mdomoni. Akasema: "Jana mlipika isombe? Harufu ilitufikia. Sisi tuna makala, ila hatuna cha kuweka juu yake."

Tuliona haya. Sisi tulikuwa na majani bila moto, yeye alikuwa na moto bila majani, na kati yetu ulikuwa ukuta mmoja wa matofali.

Sufuria ya pili

Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, hatukuweza kwenda kanisani. Siku hiyo ua wetu wote ulipika sufuria moja. Tunaandika hapa jinsi ilivyopikwa, kwa sababu vijana wetu waliozaliwa huku wanaipenda kuila na hawajui kuipika.

Chuma majani machanga ya muhogo, yale ya juu, uondoe vikonyo. Yatwange katika kinu pamoja na vitunguu saumu na vitunguu vya majani mpaka yalainike kabisa. Yatie katika sufuria yenye maji mengi, uchemshe bila kufunika, saa nzima au zaidi. Hapo usifanye haraka. Majani ya muhogo yana sumu, na ni kule kutwanga na kuchemsha sana kunakoiondoa. Inatoka pamoja na mvuke. Mama zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kwamba sombe ya haraka inaumiza tumbo. Maji yakipungua, tia biringanya na vitunguu vilivyokatwa, kisha mawese, kisha karanga za kusaga zilizokorogwa na maji kidogo. Ndagala uzioshe mchanga vizuri, nazo ziingie karibu na mwisho. Chumvi iwe ya mwisho. Halafu acha moto mdogo umalize kazi yake.

Siku ile hatukuwa na ndagala. Mama Mrundi wa chumba cha tatu alileta maharage aliyokuwa amepika na ndizi mbichi, vitunguu na mafuta kidogo, ndizi zikiwa zimelainika mpaka zimeshikana na mchuzi. Bugali tulichanganya unga wa mahindi tuliopewa na unga wa muhogo tuliobakiza, kwa kuwa wa muhogo peke yake usingetosha. Kila nyumba ilichukua sehemu yake ikalia mlangoni pake, tukaimba wimbo mmoja wa Pasaka kwa lugha tatu.

Mtoto wetu mdogo, ambaye hajawahi kuiona Kongo, akauliza: "Baba, kwa nini tunasema sombe ni chakula cha kwetu, na mama jirani naye anasema ni chakula cha kwao?" Hatukuwa na jibu. Tulifungua Biblia.

Maandiko yanatufundisha nini

Katika Kutoka 12 tulikuta mambo ambayo tulikuwa tumeyapita mara nyingi. Pasaka ya kwanza iliadhimishwa watu wakiwa wamejifungia ndani, maana Musa aliwakataza kutoka mlangoni mpaka asubuhi, kwa kuwa mauti ilikuwa inapita nje (mstari wa 22). Waliambiwa wale mboga zenye uchungu (mstari wa 8). Waliambiwa pia kwamba watoto watakapouliza maana yake, wajibiwe (mstari wa 26 na 27). Na nyumba ikiwa ndogo kuliko mwana-kondoo mmoja, ishirikiane na jirani wa karibu (mstari wa 4). Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa watu walio safarini chakula cha kukumbuka walikotoka. Basi kukumbuka kwa ulimi si dhambi.

Na Hesabu 11 je? Tulisoma tena. Watu wale walililia samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu na vitunguu saumu. Mkiangalia vizuri, nusu ya orodha hiyo imo katika sufuria ya sombe! Lakini kosa lao halikuwa katika vitunguu. Mana walikuwa nayo. Mstari wa 8 unaeleza kwamba waliisaga kwa mawe au kuitwanga katika vinu, wakaipika na kufanya mikate. Wamama wa jangwani walikuwa wapishi kama ninyi, nao hawakulaumiwa kwa hilo. Kosa lilikuwa kudharau kilichokuwa mkononi, na kuisifu Misri kana kwamba hakukuwa na fimbo. Walikumbuka samaki wakasahau watoto waliotupwa mtoni.

Tena kuna Kutoka 16. Huko nako watu walinung'unika, wakataja masufuria ya nyama ya Misri. Lakini huko hawakuwa na kitu chochote cha kula. Mungu hakuwapiga, bali aliwapa mkate asubuhi na nyama jioni. Wapendwa, tofauti hii ni kubwa. Mwenye njaa akilia, Mungu humpa chakula. Anayekemewa ni yule aliyeshiba anayedharau. Mhubiri akichukua maneno ya Hesabu 11 na kumtupia mtu wa Kutoka 16, anampiga mtu ambaye Mungu hakumpiga.

Ugumu uliobaki

Tunajua kuna watakaosema: mnaongea juu ya mapishi, na sisi kambini hatuna cha kupika. Mna haki. Machi 2021, wakati sisi tunaanza kupumua, Shirika la Chakula Duniani, ambalo wengi wetu tunaliita PAM, lilipunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa kambi za Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Tangu Mei mwaka huohuo wakaanza pia kugawa familia kwa makundi kulingana na shida, na wengine wakaondolewa kabisa. Kwa nyumba yenye watoto sita, hilo si somo la Biblia, ni sufuria tupu. Hatutamwambia mama huyo avumilie kimya. Kulia kwake ni maombi, na sisi wenye majani kidogo ni sehemu ya jibu.

Wengine watasema: Paulo alisahau yaliyo nyuma (Wafilipi 3:13). Ndiyo. Lakini angalieni alichokuwa anakiacha katika sura ile. Ni majivuno ya ukoo wake na haki yake mwenyewe. Kwingine kote anawakumbuka watu kwa majina, na katika Warumi 16 anamtaja mama wa Rufo kuwa ni mama yake pia. Hakuna mtu anayemwita hivyo mama ambaye hakuwahi kumpa chakula.

Basi tunapima namna gani? Tulipotazama nyuma tuliona kwamba sufuria zetu mbili zilikuwa na majani yaleyale na mawese ya chupa ileile. Ya kwanza ilipikwa dirisha limefungwa, tukitamani nyumbani na kumwogopa jirani. Ya pili ilipikwa na jirani, kwa moto wake. Zote mbili zilikuwa chakula cha kwetu. Moja ilikuwa tamaa, nyingine ilikuwa ukumbusho. Kipimo tulichokipata ni hiki: je, hamu yangu ya nyumbani inanifungulia mlango au inanifungia? Inanifanya nishukuru kwa kilichopo, au nikidharau, pamoja na nchi iliyonipokea na watu wake?

Mtoto tulimjibu hivi: sombe ni ya kwetu kwa sababu bibi yako aliipika, na ni ya mama jirani kwa sababu bibi yake naye aliipika. Mungu hakuchora mpaka katika majani ya muhogo.

Neno la mwisho

Makanisa yalipofunguliwa tena, tulienda nyumbani kwa yule mama mzee. Tulibeba bakuli la sombe, safari hii na ndagala. Tulimwomba msamaha kwa maneno tuliyomwambia mbele ya watu, na baadaye tuliurudia msamaha huo mbele ya watu walewale. Alionja, akanyamaza kidogo, akasema: "Mchungaji, chumvi imezidi. Lakini Mungu amenisikia." Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda.

Ninyi familia, tunawapa kazi ndogo. Jioni moja wiki hii, wazazi wafundisheni watoto kupika chakula kimoja cha kwenu. Waambieni kilipikwa wapi na nani, hata kama machozi yatatoka. Mkiwa na unga kidogo tu, semeni tu, midomo ipike. Kisha, kabla ya kuketi, sehemu moja ivuke mlango kwenda kwa jirani, na isomwe Kutoka 12:1-14.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewalisha baba zetu njiani, asante kwa mana ya leo. Usiyaone machozi yetu ya nyumbani kuwa dharau. Utuondolee woga wa kuhesabu sufuria, uwape kitu walio na moto bila majani, na majani bila moto. Katika jina la Yesu, amina.

Mungu awabariki. Ni sisi ndugu yenu na mtumishi mwenzenu katika safari hii.