Nyuki wa Mikumi akiuawa, nani atamdai muuaji?

Mtu akiua tembo wa Hifadhi ya Mikumi atasakwa, atafikishwa mahakamani na huenda akala miaka mingi gerezani. Sasa hebu tujiulize. Nyuki wa hifadhi hiyo hiyo akivuka mpaka, akatua kwenye ua la ufuta katika shamba la Kilosa, akanyonya sumu iliyopulizwa asubuhi ile, akafa yeye na maelfu ya wenzake, nani atashitakiwa? Hayupo. Hata wa kujua kwamba kuna waliokufa hayupo.

Nalileta swali hili kwa sababu naona tumezoea kuipima dhulma kwa kuangalia mlalamikaji. Asipojitokeza wa kulalamika, tunahesabu kuwa hakuna kilichoharibika.

Atakuja mtu mwenye elimu aniambie: nyuki wa mwituni ni mubah, hana mwenyewe mpaka mtu amtie mzingani, kwa hiyo aliyemuua hadaiwi fidia. Ni kweli. Lakini kutodaiwa fidia na kutokuwa na hesabu ni mambo mawili mbali kabisa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua nyuki, akamtaja pamoja na sisimizi na ndege wawili, na hakuweka sharti kwamba awe na mwenyewe. Na kwa upande wa pili aliruhusu kuuawa viumbe wenye kudhuru, kama nge na panya, hata na aliyemo katika ihramu. Basi mkulima anayeua kiwavi hana lawama. Suala ni yule asiyedhuru, tena ambaye ametajwa kwa heshima katika Sura yenye jina lake.

Tusimwonee mkulima. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mtu anaweza kulala akiwa na shamba la mahindi na kuamkia mabua yaliyotobolewa. Ana watoto na deni la pembejeo. Hiyo ni darura, na darura huhalalisha. Ila wanafiqhi wameiwekea mpaka: hukadiriwa kwa kiasi chake. Kupuliza kiwavi kilipoonekana ni darura. Kupuliza kila wiki kwa kalenda, kiwavi kiwepo kisiwepo, tena wakati shamba zima limechanua, hiyo ni darura ya nani?

Na sumu zenyewe zimebadilika. Zamani dawa ilikaa juu ya jani. Hizi za jamii ya imidaklopridi hunyonywa na mmea, zikapanda hadi kwenye chavua na nekta. Nyuki aliyepata kidogo hafi pale pale. Hupotewa na njia ya kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia imidaklopridi na wenzake wawili katika mashamba ya wazi mwaka 2018. Kwetu imidaklopridi inauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na wapo wanaopimiwa dawa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi, hivyo mnunuzi hajui hata jina la alichobeba.

Kuna na dawa ya magugu. Tunachokiita gugu ukingoni mwa shamba mara nyingi ndicho chakula cha nyuki katika miezi ambayo miti ya miombo haina maua. Ukiunguza ukingo wote kwa dawa na kukata mininga kwa mbao, nyuki hana pengine pa kwenda ila kwenye zao lenye sumu. Usiku nako kuna popo, ambao ndio huchavusha mibuyu. Ubuyu wa watoto wetu unaanzia kwao.

Sasa sisi wa mjini tunaingia wapi? Tunaingia sokoni. Pale Ilala tunachagua nyanya isiyo na tundu wala doa, ile yenye kovu tunaisukuma pembeni. Mchuuzi anaona, anamwambia dalali, dalali anamwambia mkulima, na mkulima anarudi dukani kuongeza dawa. Tena nyanya hiyo hutunga vizuri ua lake linapotikiswa na nyuki wakubwa weusi, wale wale tunaowachoma moto kwenye kenchi za nyumba zetu kwa kuwa wanatoboa mbao. Na mto Mkondoa unaopita Kilosa humwaga maji yake Wami, na Wami ndio unaonywesha Chalinze. Anayedhani sumu ikishapulizwa imekwisha aangalie Vikuge, Kibaha. Shehena ya viuatilifu iliyoletwa kutoka Ugiriki kama msaada mwaka 1986 iliharibika ghalani, ikaja kuondolewa, na bado utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliikuta DDT nyingi katika udongo wa pale.

Ushauri wa wataalamu ni mwepesi kusema: usipulize zao likiwa katika maua, na ukilazimika, subiri jioni. Nyuki hurudi mzingani kabla ya Magharibi. Nilimweleza hivyo mzee mmoja mwenye shamba upande wa Mikumi. Akacheka. "Mwanangu, Magharibi ndiyo saa ya tembo kutoka. Wewe utakaa shambani?"

Sikuwa na la kumjibu hapo hapo. Nilichokumbuka baadaye ni wakulima wa pembezoni mwa milima ya Udzungwa, jirani kabisa na huko, waliotundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba yao. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye tembo huwaogopa kwa kuwa humuuma ndani ya mkonga na kandokando ya macho. Wenye mizinga hiyo wanavuna na asali. Nitakapopita tena Mikumi nitamtafuta mzee yule nimuulize mambo mawili: kama jirani zake watakubali kutundika mizinga pamoja naye, na nani kati yao atakuwa wa kwanza kuacha kupuliza asubuhi.