Kasoro Inayojificha Siku ya Mauzo: Vitasa vya Umeme na Wajibu wa Muuzaji wa Gari Kuukuu

Miongoni mwa kasoro za gari kuukuu, ni chache zinazomtia muuzaji majaribuni kama ile ya vitasa vya umeme, yaani vifungio vya milango vinavyosukumwa na mota ndogo iliyofichwa ndani ya mlango na kuamrishwa kwa rimoti au kwa swichi ya dereva, kwa sababu kasoro hiyo huja na kuondoka. Rejeta inayovuja huacha maji chini, lakini mlango uliogoma kujifunga asubuhi unaweza kutii adhuhuri, na mnunuzi akifika saa hiyo ataliona gari halina ila. Je, muuzaji aliyeuona ukigoma jana anawajibika kusema lolote leo, ambapo unafanya kazi?

Jibu halipatikani bila kujua kinachotokea mlangoni. Nyaya zinazotoka kwenye bodi kuingia mlangoni hupita ndani ya mpira ulio karibu na bawaba, nazo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, hata baada ya miaka nyuzi za shaba zikawa zinakatika moja moja ndani ya plastiki ambayo kwa nje ingali nzima. Ncha zilizokatika zikigusana, umeme hupita. Mlango ukikaa vingine, haupiti. Mara nyingine tatizo ni mota yenyewe, ambayo brashi zake, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimelika. Fundi akipima kwa mita waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu ataweza kusoma volti 12 kamili, kwa kuwa mita haivuti umeme mwingi, ilhali mota ikianza kuvuta, volti huanguka na kitasa hakisogei. Ndiyo maana fundi umeme makini hupima wakati mota inavuta, huku akiuchezesha mlango. Lililo muhimu hapa ni kwamba waya huo haukupona hata siku moja, bali ulificha ugonjwa wake.

Kwa upande wa sheria ya Kiislamu, Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anaihesabu kuwa ila yenye kumpa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kurudisha bidhaa, kila upungufu wa kitu au wa thamani yake unaokosesha lengo sahihi, iwapo kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havina upungufu huo. Muuzaji anaweza kujitetea kwamba gari la miaka 20 halikosi matatizo ya vitasa, na utetezi huo ungefaa kwa rangi iliyopauka, ambayo kila jicho huiona. Kwa kitasa haufai, kwa sababu katika magari mengi taa zinazomulika rimoti inapobonyezwa huonyesha tu kwamba amri imepokewa, si kwamba kila mlango umejifunga, na mwenye gari huondoka akiamini mali yake imehifadhika.

Kinga ya pili ya muuzaji ni kuuza gari “kama lilivyo”. Wanazuoni wa Kishafi waliijadili kinga hii zamani, wakaona kwa kauli yenye nguvu kwamba sharti la kutowajibika na ila humwokoa muuzaji katika ila iliyofichika ndani ya mnyama, tena ile asiyoijua, na si katika bidhaa nyingine, kwa kuwa hali ya mnyama hubadilika na mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdallah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo, na mnunuzi aliposhtaki, Khalifa Uthman alimtaka aape kwamba hakuijua ila ile. Bin Umar akakataa kuapa, akampokea tena mtumwa. Inaumiza kusoma kwamba aliyeuzwa alikuwa mwanadamu, lakini kiini cha hukumu hakikosi nguvu: sharti halimkingi anayejua.

Je, gari kuukuu laweza kufanyiwa kiyasi, yaani kupewa hukumu ya mnyama kwa kufanana naye? Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu mwili wa mnyama hubadilika wenyewe wala haufunguliwi ukatazamwa, ilhali ubao wa ndani wa mlango hufunguliwa kwa bisibisi. Mfano wa mnyama unaolingana na suala hili ni mwingine kabisa, nao ni tasriya, yaani kumwacha mnyama bila kukamwa ili kiwele kijae siku ya soko, jambo lililokatazwa katika hadithi ya Bukhari na Muslim, ambayo inampa mnunuzi hiari ya kumrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Anayepuliza dawa ya kulainisha kwenye kitasa asubuhi ya mauzo, ili kisogee siku hiyo tu, akijua kwamba waya umebakiwa na nyuzi mbili tatu, anafanya jambo hilo hilo.

Magari mengi ya Kenya na Tanzania huagizwa yakiwa yameshatumika Japani, na Kenya huzuia yaliyozidi miaka 8, hivyo nyaya za milango mara nyingi humalizikia mikononi mwa wenyeji wanaojuana na watakaokutana tena. Muuzaji na amwambie basi mnunuzi ni mlango upi na hugoma lini, kisha wapatane bei.