Nani Anastahili Siti Laini?

Fundi siti hana muda wa falsafa. Anaifungua siti kwenye pikipiki, anang'oa pini moja moja kwa bisibisi bapa, anavua kava lililochanika, kisha anabonyeza sponji kwa kidole gumba aone kama bado inanyanyuka. Isiponyanyuka, anakata kipande cha godoro, anakipaka gundi, anakibandika juu ya sponji ya zamani na kuzichonga kingo kwa kisu. Kava jipya la ngozi bandia linavutwa hadi likaze, pini zinapigwa upya. Mwenye pikipiki anapanda, anajitikisa kidogo, anaridhika, analipa. Akitoka Dar es Salaam, kabla hajafika Chalinze ule uradhi umekwisha na kiuno kinadai chake.

Tatizo lilianzia kwenye ombi. Mteja aliomba ulaini, akapewa ulaini. Mwili wa mtu aliyeketi hubebwa zaidi na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, mmoja kila upande. Sponji laini mno huiacha mifupa hiyo izame mpaka chini. Sponji ikishabanwa yote, mtu anakuwa amekalia plastiki ya siti huku unene uliobaki pembeni ukiwa hauna kazi. Nyama iliyo kati ya mfupa na plastiki inafinywa, damu inapita kwa shida katika mishipa midogo, ganzi inaingia, halafu maumivu. Ndiyo maana watengenezaji wa siti za safari ndefu huweka sponji ngumu chini na tabaka jembamba lililo laini juu yake, hutanua sehemu ya nyuma, na huchonga mahali pa kukalia ili mapaja nayo yachangie kubeba uzito. Siti inayoonekana ngumu dukani mara nyingi ndiyo inayovumilika kwenye kilomita ya 200.

Mengine ni ya uangalifu tu. Siti inayoteremka mbele humsukuma dereva kwenye tangi, kwa hiyo hulazwa. Mshono hauwekwi pale mfupa unapokaa. Ngozi ya kondoo yenye manyoya yake hutandikwa juu ili hewa ipite na jasho likauke. Na kuongeza godoro kuna gharama: siti ikipanda, mtu mfupi hafikishi miguu chini vizuri kwenye foleni, hapo starehe inageuka ajali inayosubiri kutokea.

Hadi hapa ni habari ya ufundi. Ila kila anayetoa pesa kwa ajili ya makalio yake hukutana na swali la zamani sana, hata kama halitamki. Je, mwili una haki ya kudai raha, au maumivu ya safari ni sehemu ya safari na mtu mzima anapaswa kuyanyamazia? Vijiweni jibu halichelewi. Dereva anayelalamika kiuno huambiwa kazi ni kazi, mvumilivu hula mbivu, na mazungumzo yanarudi kwenye mpira.

Jibu hilo lina watetezi wenye majina makubwa. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alimshauri rafiki yake Lucilius atenge siku kadhaa za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ili aone kwamba kile anachokiogopa kinavumilika. Ushauri huo una kweli ndani yake. Lakini Seneca alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Siku za dhiki alizozipendekeza zilikuwa na tarehe ya kuisha, na mwenye kuzipanga ndiye mwenye kuzifuta. Dereva anayekalia plastiki kuanzia alfajiri hadi usiku, Jumatatu mpaka Jumapili, hakupanga chochote. Kumhubiria Seneca ni kumsomea mwenye njaa fadhila za kufunga.

Wapo hata leo wanaoitafuta adha kwa hiari, tena wakiwa juu ya pikipiki. Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho mtu hujipatia cheti chake kwa kuendesha maili 1,000, takriban kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Huo ni umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Mwanza kwa kilomita mia kadhaa. Mashindano yao makubwa huchukua siku 11. Mtu angedhani watu wa namna hii huicheka siti laini. Kumbe ndio wanaohangaika nayo kupita wengine: wanaagiza siti iliyochongwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, wanatandika ngozi ya kondoo, wananunua mito ya hewa. Wametoka nyumbani kuutafuta ugumu, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuuondoa ugumu wa siti.

Sababu yao haina unyonge. Anayesumbuliwa na makalio hawazi barabara. Kila baada ya dakika chache anajisogeza, anasimama kwenye vikanyagio, anahesabu kilomita zilizobaki, na jicho linachelewa kuliona lori lililoegeshwa bila taa. Kwa watu hawa, starehe ni chombo cha kulinda umakini. Wanaichukulia kwa uzito uleule wanaoupa upepo wa tairi.

Watawa wa Zen, madhehebu ya Kibuddha, waliligundua jambo hilo karne nyingi kabla ya injini. Dogen, Mjapani aliyerejea kwao kutoka China mwaka 1227, aliandika mwongozo mfupi wa kuketi na kutafakari, na humo hakuona haya kueleza tandiko: mkeka mnene chini, mto juu yake. Mto huo wa duara, unaoitwa zafu, kwa desturi hujazwa sufi, ileile ya msufi iliyojaza mito na magodoro ya pwani ya Afrika Mashariki kabla sponji haijaingia. Mtawa aliyeacha nyumba, mali na ndoa hakuacha mto. Huko India nako, mafundisho ya yoga yanayohusishwa na Patanjali yanataka mkao uwe na sifa mbili kwa pamoja, uimara na raha. Robert Pirsig, Mmarekani aliyeendesha Honda mwaka 1968 na mwanawe kutoka Minnesota hadi California, aliiunganisha Zen na pikipiki katika jina la kitabu chake cha mwaka 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Alionya mapema kwamba msomaji asitegemee kupata humo ukweli mwingi wa Zen wala wa pikipiki. Hoja yake kuu hata hivyo inamhusu fundi siti moja kwa moja: anayekaza boliti kwa uangalifu na anayetafuta maana ya maisha wanafanya kazi ya aina moja.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ushahidi wa karibu zaidi uko msikitini. Sahihi za Bukhari na Muslim zinasimulia kwamba Mtume Muhammad alimwona mzee akikokotwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza ana nini. Akaambiwa kwamba mzee yule ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kujitesa, kisha akaamuru apandishwe mnyama. Inafaa kuitazama habari hii taratibu. Mzee hakuwa mvivu wala hakulalamika. Nadhiri ilikuwa ya kwake, na nia yake ilikuwa ibada. Maumivu yake hayakumletea sifa yoyote. Amri aliyopewa ilikuwa ya kupanda.

Sunan ya Abu Dawud nayo inalo katazo la kuigeuza migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani mtu asijikalie juu ya mnyama aliyesimama akaendelea na mazungumzo yake. Hapo mjadala wa raha unamwingiza mwingine, yule anayebeba. Injili ya Luka, katika habari ya Msamaria mwema, ina wazo linalokaribiana na hilo: msafiri anampandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, na inaelekea yeye alimalizia njia kwa miguu. Katika habari hizi zote swali la kupanda ni swali la haki. Nani amechoka, nani ameumia, nani anabeba, na nani anayeweza kushuka bila kupoteza kitu.

Swali hilo likiletwa kwenye stendi ya bodaboda, mambo yanabadilika sura. Angalia siti nyingi zilizoongezwa godoro: kilichoinuliwa ni nyuma. Abiria ndiye anayechagua pikipiki ya kupanda, na abiria akifurahi anarudi kesho. Sehemu ya mbele inabaki na sponji iliyokufa. Soko linamlipa dereva kwa kumstarehesha mwingine. Kwa kujistarehesha mwenyewe halimlipi kitu. Na siku ya mshikaki, abiria wawili au watatu wanapojibana nyuma kinyume cha sheria, yeye husukumwa hadi pua ya siti, magoti yakikumbatia tangi, akiwa na nafasi ndogo kuliko wote ilhali yeye ndiye aliyeshika usukani wa roho zao.

Kuna pia suala la umiliki. Dereva wa pikipiki ya hesabu hupeleka kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kiasi kilichokubaliwa kila siku, na chombo si chake. Kutengeneza siti ya mtu mwingine kwa pesa ya chakula cha watoto ni uamuzi mgumu. Mwenye mkataba anajua kwamba pikipiki itakuwa yake baada ya malipo kukamilika, ila kila shilingi kwa sasa ina mahali pake. Tajiri, kwa upande wake, anaona siti ni mambo ya dereva. Hivyo kitu ambacho mtu anakikalia kutwa nzima kinakosa mwenyewe.

Ulaya ilishalitazama jambo linalofanana na hili kwa jicho la sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 liliweka kikomo cha mtikisiko ambao mwili wa mfanyakazi unaweza kuupokea kwa siku ya saa 8: mita 1.15 kwa sekunde mraba, na kuanzia mita 0.5 mwajiri anatakiwa kuchukua hatua. Dereva wa trekta au wa mashine ya kupakia mizigo analindwa kwa namba hizo kwa sababu ana mwajiri anayeweza kuulizwa. Dereva wa bodaboda ana tajiri, ana abiria, pengine ana programu ya simu inayomletea wateja, na hakuna kati yao anayejiita mwajiri wake. Anapoambiwa avumilie, uvumilivu huo unawapunguzia gharama watu wengine kabisa.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Raha, watu husema, haina mwisho. Leo siti, kesho kioo cha upepo, keshokutwa mtu hataki tena kutoka nyumbani. Epicurus, mwanafalsafa aliyefundisha katika bustani yake huko Athens karibu miaka 300 kabla ya Kristo, alikuwa na jibu, ingawa jina lake hutumiwa vibaya kuwaelezea walafi. Alifundisha kwamba raha ina dari. Maumivu yakishaondoka, raha haiongezeki tena, inabadilika ladha tu. Siti nzuri ni mfano safi wa fundisho hilo: ikishafaa, dereva anaisahau, na hakuna tena cha kudai juu yake.

Maumivu yenyewe, hata hivyo, si adui wa kuzibwa mdomo. Mito ya hewa aina ya Airhawk, inayopendwa na waendeshaji wa masafa marefu, ilitokana na teknolojia ya kampuni ya ROHO ya Marekani, iliyotengeneza mito ya viti vya magurudumu kwa ajili ya watu wanaoweza kupata vidonda kwa kukaa. Wengi wao waliumia uti wa mgongo na hawahisi sehemu za chini. Mwili wao haupigi kelele, kwa hiyo hawajisogezi, na nyama inaharibika kimyakimya. Mwenye hisia timilifu ana bahati ya kuonywa. Kumeza dawa ya maumivu na kuendelea na safari ni kuitupa bahati hiyo. Kushuka, kunyoosha miguu kwa dakika 10 na kuirekebisha siti ni kuisikiliza.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa wenye pikipiki. Kila jioni wanapopokea hesabu huuliza habari za oili, mnyororo na tairi. Waulize na siti ya mbele ikoje, na gharama ya kuitengeneza iandikwe kwenye mkataba pamoja na gharama nyingine za matengenezo. Na dereva atakapofika kwa fundi, aombe sponji ngumu chini, laini kidogo juu, mahali pa kukalia palazwe sawa, kisha kazi ianzie mbele kabla ya kwenda nyuma.