JUMANNE: Mwana-kondoo wa Mtu Asiyetajwa

Soma Mambo ya Walawi 19:15 na 2 Samweli 12:1–7. Kwa nini Nathani hakumtaja mkosaji mapema?

Oktoba 3, 1995, baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles, Marekani, lilimwona O. J. Simpson hana hatia ya kumwua Nicole Brown, aliyekuwa mke wake, na Ronald Goldman. Simpson alikuwa mchezaji mashuhuri na mwigizaji wa filamu, mwenye fedha za kuajiri mawakili hodari. Alikuwa pia mtu mweusi, katika nchi ambayo mwaka 1992 polisi walioonekana kwenye video wakimpiga Rodney King hawakutiwa hatiani katika kesi ya kwanza. Basi hukumu iliposomwa, weusi wengi walishangilia, na weupe wengi wakakasirika. Jeraha la walioshangilia lilikuwa la kweli, wala tusilidharau. Lakini watoto wawili wa Nicole walikuwa wamelala ndani ya nyumba usiku mama yao alipouawa nje. Nani aliwakumbuka siku ile? Mwaka 1997, katika shauri la madai, baraza lingine lilimwona Simpson anawajibika kwa vifo hivyo.

Walawi 19:15 inakataza mambo mawili: kumpendelea mkubwa kwa ukubwa wake, na kumpendelea maskini kwa umaskini wake. Kwa kawaida tunakumbuka katazo moja tu, lile linalomgusa mwenzetu.

Sasa mtazame Daudi. Wanawake walikuwa wamemwimbia (1 Samweli 18:7), na jeshi lilikuwa mkononi mwake. Uria alikuwa Mhiti, mgeni kwa asili. Nani angepokea shauri la Mhiti dhidi ya mfalme? Nathani aliondoa taji, kabila na sifa za vitani. Akabakiza mtu, mwana-kondoo wake, na mwizi. Papo hapo Daudi akahukumu kwa haki, asijue anajihukumu mwenyewe. Na Maandiko hayakumwacha Uria apotee: hata katika ukoo wa Masihi, Mathayo 1:6 inamtaja Bathsheba kuwa mke wa Uria.

Jadilini: Shauri linalomhusu mwimbaji anayependwa, au mzee wa kabila lenye watu wengi, likiletwa mbele ya baraza la kanisa lenu, ni nani hulitaja jina la aliyeumizwa? Hutajwa mara ngapi kabla ya kura kupigwa?