Chavua ya Jirani Ni ya Nani?

Umewahi kumenya hindi jeupe ukakuta punje tatu nne za njano? Wewe hukupanda njano. Aliyepanda ni jirani. Muhindi una ua dume juu kabisa, mbelewele, linalomwaga unga unaoitwa chavua. Chini kuna zile nywele za hindi, na kila unywele unakwenda kwenye punje moja. Chavua ya njano ikiletwa na upepo ikatua hapo, punje hiyo inatoka njano. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevuka mpaka.

Rangi angalau unaiona. Mahindi ya GMO, yale yaliyobadilishwa vinasaba, yanachanganyika vilevile, ila kwa macho huyajui. Mama anayetunza mbegu yake msimu hadi msimu anaweza kupanda kitu kingine kabisa na asijue. Ndipo nawauliza vijana wa kikundi chetu hapa Nakivale: hasara hiyo ni ya nani?

Wengi wanajibu haraka, "ya aliyeleta mbegu mpya." Mimi nawaambia, ngoja kwanza. Mwaka 2010, huko Kojonup, Australia Magharibi, Steve Marsh alikuwa na cheti cha kilimo hai. Jirani yake, Michael Baxter, akapanda kanola ya GMO, ambayo serikali ilikuwa imeiruhusu. Upepo ukapeperusha kanola iliyokatwa (hapa si chavua, ni mimea yenyewe na mbegu zake) hadi kwa Marsh. Cheti kikaondolewa kwa karibu 70% ya shamba lake. Akashtaki, akashindwa mwaka 2014, na rufaa pia akashindwa. Mahakama iliona Baxter alilima zao halali kwa njia ya kawaida, na masharti makali ya cheti yalikuwa ya Marsh mwenyewe.

Sheria imesema, sawa. Lakini angalia: mmoja hakukosea, mwingine kapoteza. Sisi tumezoea kumtafuta mkosaji kwanza, na asipopatikana tunamwambia aliyeumia, "pole, vumilia." Wakimbizi tumeambiwa hivyo mara nyingi mno. Mimi sikubali kwamba pasipo na kosa hapana deni. Anayeleta kitu kinachoweza kutoka shambani mwake chenyewe anajua kabla ya mwenzake. Kwa hiyo ndiye wa kupiga hodi kwanza. Na anayetaka mbegu safi kabisa, naye asinyamaze halafu aje kulalamika wakati wa kuvuna.

Hapa Uganda jambo hili si geni. Bunge lilipitisha muswada wa mambo haya mwaka 2017, Rais Museveni akaurudisha, na moja ya hofu zake ilikuwa mbegu hizo kuchanganyika na za asili.

Wanaozalisha mbegu za mahindi huacha kama mita 200 kati ya shamba na shamba. Nani ana mita 200 hapa? Mimi nikikohoa kwangu jirani ananipa pole. Njia nyingine ni kupishana wiki tatu au nne kupanda, ili maua yasitoke pamoja. Shida ni kwamba mvua ikianza kila mtu anakimbilia jembe, na anayesubiri anaweza kukosa mavuno. Sasa nani asubiri? Hilo linazungumzika Agosti, udongo ukiwa bado mkavu. Mwezi wa kumi umeshachelewa.