Je, Mume Ana Haki ya Kusema "Imetosha"?

Kuna swali ambalo mabwana huuliza kwa sauti ya chini, hasa wakati wa chai katika semina za ndoa. Mke alianza na meza ya nafaka sokoni. Sasa ana duka, anataka kufungua la pili, na anataka kwenda masomo ya jioni ya uhasibu. Nyumbani chakula kipo na karo imelipwa. Hata hivyo bwana anaona biashara hii imetosha. Je, ana haki ya kumwambia hivyo?

Wengi hujibu upesi. Wapo wasemao kwamba mume ni kichwa, basi neno lake ni la mwisho. Wapo pia, hasa vijana wetu wa mijini, wasemao kwamba biashara ni ya mke na mume hana la kuuliza. Naona wote wawili wanakwepa kazi. Waliounganishwa na Sakramenti ya Ndoa si mwajiri na mwajiriwa, wala si wapangaji wawili katika ploti moja.

Tupime kwanza sababu ya bwana. Kuna sababu za kweli. "Mama watoto, unarudi saa mbili usiku na mtoto ana homa," hilo ni jambo la kuketi na kulizungumza. Lakini "wenzangu wanasema umenipita" ni jambo lingine kabisa. Kipimo ninachowapa wanandoa ni hiki: je, sababu hiyo ingekuwa na nguvu ileile kama duka lingekuwa la mume? Kama mkopo wa shilingi laki mbili ni hatari akiuchukua mke kwa ajili ya duka, basi ni hatari pia akiuchukua mume kwa ajili ya pikipiki ya abiria. Kama masomo ya jioni yanavunja nyumba, yavunje pia pale bwana anapotafuta cheti ili apandishwe cheo. Sababu ikipita kipimo hiki, mke na aisikilize hata ikiuma. Isipopita, bwana ajue kwamba anachoogopa hakimo ndani ya duka.

Sote tunaujua mfano wa talanta. Yule mtumishi aliyelaumiwa alifukia talanta aliyopewa yeye mwenyewe. Sasa anayefukia aliyopewa mwenzake, tutamwitaje? Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake kwa wanawake ya Juni 1995, aliwashukuru waziwazi wanawake wafanyao kazi, zikiwamo kazi za uchumi. Hakuwashukuru kama watu waliopotea njia wakaacha jikoni.

Hapa kwetu mlango huu ulifunguliwa kwa taabu. Miaka ya sabini ilikuwa kawaida benki kumtaka mwanamke alete sahihi ya mumewe kabla ya kukopeshwa. Mary Okelo, aliyekuwa meneja wa kwanza mwanamke katika Barclays ya Kenya mwaka 1977, aliliona tatizo hilo kutoka upande wa pili wa meza, akawa mmoja wa waanzilishi wa Kenya Women Finance Trust mwaka 1981. Mwaka 1978 yeye na mumewe walianzisha shule ya Makini jijini Nairobi. Mabwana wanaodhani kwamba mke akipanda lazima mume ashuke wautazame mfano huo.

Lakini si kila bwana husema "imetosha" kwa mdomo. Wengine husema kwa mkono, na hapa ndipo biashara nyingi za akina mama hufia. Tuseme mama amenunua gunia la maharagwe la kilo 90 kwa shilingi 9,000. Anauza kwa gorogoro ya kilo mbili, zinatoka 45, kila moja shilingi 230. Jioni ana shilingi 10,350 ndani ya aproni. Bwana anaona elfu kumi. Mama anaona kitu kingine: 9,000 ni za gunia lijalo, 250 za gari, 100 za ushuru wa soko. Faida ni 1,000 peke yake. Bwana akiomba 3,000 "za dharura", mama anabaki na 7,000, na kwa bei hiyo gunia jingine halipatikani. Ataenda kukopa, au atanunua nusu na kupata nusu ya faida. Baada ya miezi mitatu bwana atatangaza kwamba wanawake hawajui biashara.

Lipo pia jambo baya zaidi, la mume ambaye mke akianza kupata, yeye huacha kutoa. Alikuwa akilipa karo; sasa anasema, "Si una duka?" Hapo mke anatozwa faini kwa sababu ya bidii yake. Mimi siiti hiyo kusaidiana. Ahadi aliyoitoa mbele ya altare haikuwa na kifungu cha kumwachilia siku mkewe atakapofaulu.

Akina mama, msipige makofi bado. Mkopo wa siri nao ni dhuluma. Mnajua utaratibu wa vikundi: wanachama hudhaminiana, na mmoja akishindwa, wenzake hulipa au huja nyumbani kuchukua viti na televisheni. Bwana anayeanza kusikia habari za deni siku ambayo wageni wanabeba sofa ametendewa vibaya, hata kama ni mkali. Mkali naye aambiwe, pengine mbele ya wasimamizi wenu wa ndoa. Na sheria iko wazi: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Sheria hiyohiyo inahesabu kulea watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kugawana nusu kwa nusu ndoa inapovunjika hakuji kwenyewe. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Siwaambii haya ili mjiandae kuachana. Nawaambia ili daftari la duka liwe wazi mezani, la mume na la mke.

Tukirudi kwa yule mama wa masomo ya jioni, swali gumu halikuwa la fedha. Ni nani atakayepika jioni tatu kwa juma? Mara nyingi jibu ni binti mkubwa, aliye shule ya sekondari na ana mtihani wake. Hivyo talanta ya mama inakuzwa kwa kukatwa talanta ya mtoto, na baba amekaa akisikiliza habari. Kama ni lazima mtu mmoja apunguze kitu, nashauri waanze na kiti hicho cha baba. Ugali haumjui mtu kwa suruali au rinda. Masomo yenyewe ni ya miezi michache, na mwanamke akishajua kutenganisha mtaji na faida kwa maandishi, hata yale mazungumzo ya 3,000 za dharura hubadilika.